Mzee Yupo Hapo, Muulize Mwenyewe

Maswali ninayoletewa kuhusu wazee yana sura nyingi, ila ukiyakamua unapata lilelile moja. Binti anauliza kwa nini mama yake hununa kila akisaidiwa, wakati yeye humwamkia asubuhi na jioni na hajawahi kumpandishia sauti. Karani wa benki anauliza kama ni kosa kumwita mteja "babu". Mwanamke wa miaka 54 anataka kujua mbona shikamoo ya konda inamchefua. Na mstaafu mmoja ameuliza kwa ufupi kuliko wote: "Mbona siku hizi watu wanamuuliza mwanangu habari zangu na mimi nimekaa hapohapo?"

Jibu langu halitawapendeza wanaoamini kwamba Mswahili hana la kufundishwa kuhusu heshima kwa wazee, maadamu ana shikamoo. Shikamoo ni nzuri, na iendelee. Lakini matatizo huanza baada ya marahaba. Mtu anaweza kuamkiwa kwa adabu zote, kisha akanyang'anywa sahani, simu, kitambulisho na kauli yake, tena kwa maneno matamu, na asiwepo hata mmoja wa kumlaumu.

## Kipimo ni kimoja

Usianze kwa kukariri orodha ya maneno mabaya. Orodha hiyo hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, na mwenye dharau atamdharau mzee hata akimwita mheshimiwa. Kabla hujafungua mdomo jiulize: ninachotaka kusema kinamwachia mzee uamuzi, au kinamnyang'anya?

- "Baba, leo usitoke, kuna jua." Uamuzi umeshachukuliwa. "Baba, nje jua ni kali. Unatoka sasa au likipoa?" Uamuzi umebaki kwake.
- "Bibi siku hizi hali nyama." Nani kasema? Labda aliikataa siku moja ilipokuwa ngumu. "Bibi, leo nikukatie ndogondogo?"
- "Tumekaa tukaona shamba alishike kaka." Mmekaa nani na nani?

Hakuna tusi hata moja hapo, na ndiyo maana maneno haya hupita bila mtu kushtuka.

Tahadhari: kumwachia uamuzi si kumtelekeza. Asiyeweza kusimama bila kushikwa hasaidiki kwa kuambiwa "utakavyo mwenyewe." Mwachie yaliyo ndani ya uwezo wake: avae shati gani, aoge saa ngapi, aogeshwe na nani, mlango urudishwe au uachwe wazi. Mambo haya ni madogo kwako wewe unayeyaamua kila siku bila kufikiri.

## Hospitalini: "Ni uzee tu"

Kama una nguvu za kurekebisha jambo moja, rekebisha hili.

"Ni uzee tu" husemwa na muuguzi, husemwa na mtoto, husemwa na jirani, na mara nyingi husemwa na mgonjwa mwenyewe. Husemwa kwa huruma. Ila kazi yake ni kufunga mjadala. Uzee hauna kidonge wala kipimo cha maabara, kwa hiyo ukishatajwa kuwa ndio sababu, hakuna atakayetafuta sababu nyingine. Yanayofukiwa chini ya maneno hayo ni mengi, na sehemu kubwa yanatibika:

- Macho kufifia. Huenda ni mtoto wa jicho, naye huondolewa kwa upasuaji.
- Kutosikia. Wakati mwingine ni nta tu imejaa sikioni.
- Kuamka usiku kwenda haja ndogo. Yaweza kuwa kisukari, maambukizi ya njia ya mkojo, au tezi dume kwa mwanamume.
- Kuanguka mara kwa mara. Chunguza macho, ganzi ya miguu, dawa za presha zinazomletea kizunguzungu akisimama, na mkeka unaoteleza.
- Kujitenga, kukosa usingizi na hamu ya kula. Sonona huwapata wazee pia, hasa waliofiwa na mwenzi, nayo ina matibabu.
- Kusahau kunakoongezeka. Kusahau ulikoweka miwani ni jambo la kawaida. Kupotea njia ya nyumbani kwako ni dalili ya kupelekwa kwa daktari. Hata pale ambapo ugonjwa hauponi, familia ikijua inachokabiliana nacho huacha kumwita mtu mkaidi.

Kuna moja ambalo ni la dharura. Mzee aliyekuwa mzima juzi, leo hamtambui mwanawe, anaongea ovyo, au amelala tu haamki vizuri. Utasikia watu wakisema "uzee umemzidi." Hapana. Mabadiliko ya ghafla, ya saa au siku chache, ni dalili ya kuumwa: huenda ni homa ya mapafu, malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, kupungukiwa maji, kiharusi au dawa mpya isiyopatana naye. Mpeleke hospitali leo hii, usisubiri asubuhi.

Ukimsindikiza kliniki, fanya hivi:

1. Kabla ya kutoka nyumbani muulize, "Leo unataka daktari akutazame nini?" Andika kwa maneno yake. Akisema "miguu inawaka moto", andika miguu inawaka moto, usiandike "maumivu ya miguu."
2. Chumbani kwa daktari, kiti cha karibu ni chake. Wewe kaa nyuma yake kidogo.
3. Daktari akikugeukia na kukuuliza "Anakula vizuri?", usijibu. Mgeukie mzee: "Mama, daktari anauliza kama unakula vizuri." Daktari mwepesi ataelewa mara moja. Mwingine itabidi umfanyie hivyo mara mbili.
4. Mkiambiwa ni uzee, uliza bila ukali: "Sawa, daktari. Mtu wa miaka 40 angekuja na dalili hizi, ungempima nini?" Hili ndilo swali zuri kuliko yote ninayoyajua.
5. Kabla ya kuondoka mwombe mzee arudie maelekezo ya dawa, kwa upole: "Hebu nieleze ulivyosikia wewe, maana mimi nasahau."

Najua utasema foleni ni ndefu na mama anaongea polepole. Ni kweli. Ndiyo sababu ya ile karatasi: maneno yake yakiwa yameandikwa, anayasoma au anayakabidhi, na hakuna anayemkatiza.

Jambo jingine la hospitalini. Tanzania Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasiojiweza wamewekewa utaratibu wa kutibiwa bila malipo. Dirishani watu hao huitwa "wa msamaha". Wapo wanaoona haya kusimama kwenye mstari huo, wakabaki nyumbani na presha yao. Mwambie mzazi wako aseme, "Nimekuja na kitambulisho changu cha matibabu," basi, bila kujieleza. Na wewe nyumbani usimwambie "nenda kapokee za bure." Vivyo hivyo kwa pensheni ya Zanzibar kwa waliotimiza miaka 70, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na kwa fedha wanazopewa wazee nchini Kenya chini ya mpango wa Inua Jamii. Ni haki zilizopangwa kwa bajeti ya serikali. Ukiziita sadaka, unamfanya mwenye haki ajisikie ombaomba.

## Nyumbani: ile sauti ya kitoto

Iko sauti tunayoitoa tukimsogelea mzee mgonjwa. Inapanda juu, inavutwa, inachekacheka: "Haya bibiii, tunafungua mdomo, tunameza, safiii, leo umekuwa mtoto mzuri!" Anayeitoa ana upendo, na msemo wa "mzee ni mtoto" unampa ruhusa.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwenye nyumba za kutunzia wazee. Walirekodi kwa video wauguzi wakiwahudumia wenye ugonjwa wa kusahau, wakaona kwamba wazee waliosemeshwa kitoto walikataa huduma zaidi, kwa kusukuma mkono, kugeuza uso au kulia, kuliko waliposemeshwa kama watu wazima. Na hawa ni watu ambao wengine wangedhani hawaelewi tena kinachosemwa. Kwa hiyo binti niliyemtaja mwanzo, mwenye mama anayenuna akisaidiwa, aanze kusikiliza sauti yake mwenyewe.

Badilisha hivi:

- "Tumekunywa dawa?" Sema: "Umekunywa dawa ya asubuhi?" Dawa anakunywa yeye peke yake.
- "Kula, usiwe msumbufu." Sema: "Chakula hakipandi leo? Nikuletee nini?"
- "Kaa hapo, usiguse kitu, utaanguka." Sema: "Nikushike mkono au unaweza?"
- "Nilishakwambia mara ngapi?" Hili halina mbadala. Liache, jibu swali kana kwamba ndiyo kwanza limeulizwa.

Kuhusu asiyesikia vizuri, makosa ni yaleyale kila nyumba: tunapiga kelele. Masikio yanapochakaa, kwa kawaida sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, na mtu akipiga kelele sauti yake huwa nyembamba na maneno hukwaruzana. Zima redio. Mkabili usoni ili aone midomo yako. Teremsha sauti, punguza mwendo. Asiposikia, badilisha maneno badala ya kurudia yaleyale kwa nguvu zaidi. Na usimalizie kwa "basi, acha, si kitu muhimu." Hilo hulisikia vizuri sana.

Na pampasi. Mzee anayevaa pampasi anajua kwamba amevaa, hahitaji tangazo. Wageni wakiwa sebuleni, usipite ukisema "ngoja nikambadilishe babu." Sema "nakuja sasa hivi", uende. Nimeona nyumba yenye adabu nyingi ikishindwa hapo tu.

## Simu, namba ya siri na wakala

Simama kwenye kibanda chochote cha wakala wa pesa siku wazee wanapotumiwa fedha na watoto wao. Anafika mzee na simu ndogo ya vitufe, ameifunga kwenye leso. Kijana anaipokea: "Lete mzee nikusaidie. Namba ya siri ngapi?" Mzee anaitaja, kwa sauti, kwa kuwa ameulizwa kwa sauti. Nyuma yake wamesimama watu watano. Hakuna aliyemtukana, na kijana huenda ni mwaminifu kabisa, lakini mzee amefundishwa kwamba pesa zake ni jambo la kusimamiwa na wengine. Anayekuja kumwibia baadaye, na mara nyingi ni ndugu, hana kazi ngumu.

Ukiwa wewe ndiye wakala, au mjukuu:

- Usiishike simu yake. Elekeza kwa kidole: "Bonyeza hapa, sasa andika kiasi."
- Ikifika namba ya siri, geuka pembeni na umwambie kwa nini unageuka: "Hii ni yako peke yako, hata mimi usinionyeshe."
- Akikosea, usiseme "mambo haya si ya kizazi chenu." Sema amebonyeza wapi, arudie.
- Kama haoni maandishi, tatizo ni macho. Usilifanye tatizo la akili.

Hoja ya kwamba wazee hawafundishiki inachosha. Kimani Maruge aliandikishwa darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, Kenya ilipokuwa imefuta ada za shule za msingi, na mwaka uliofuata alisimama New York akiwahimiza viongozi wa dunia juu ya elimu. Mama yako anataka tu kujua salio.

## Umwite nani?

Karani wa benki, swali lako ni jepesi kuliko unavyodhani: mwite kwa jina lililo kwenye kadi yake, likitanguliwa na "Mzee", "Bwana", "Mama" au "Bi". "Babu" na "bibi" ni majina ya undugu. Wapo wanaofurahi kuitwa hivyo na mtu baki, na wapo wanaohisi umewazeesha mbele za watu. Hujui huyu ni yupi, basi muulize.

Kumbuka pia kwamba Kiswahili hakisemwi kimoja. Mtanzania akimwita mwanamke mzee wa Nakuru "bibi" kwa heshima zote, huyo mama atasikia "mke", kwani kwake mama wa mzazi ni nyanya, au shosho na cucu mitaani. Pwani mtu wa makamo anaweza kupendelea "Bi mkubwa" au "ami". Na "mzee" lenyewe, ambalo ni cheo kizuri, hutumika vilevile kumweka mtu kando: "Mzee, wewe pumzika, tutakuletea ripoti."

Haya yaogope zaidi:

- Kizee, kibibi, kibabu, jizee. Viambishi hivi vinampunguza mtu au kumkuza kwa kebehi.
- Kikongwe na ajuza. Haya yanapendwa na waandishi wa habari. Mama wa miaka 62 anayelima ekari zake mwenyewe anaamka kukuta gazeti limemwita kikongwe kwa sababu tu ameporwa kuku. Andika umri wake na jina lake, inatosha.
- Zilipendwa, wahenga. Ni mzaha wa vijana. Kwa rafiki unayefahamiana naye hauna neno, kwa mwalimu wako wa zamani utaonekana mjinga.

Kiambishi ki- nacho kina mahali kinapokubalika. Fatuma binti Baraka wa Unguja, mwimbaji wa taarabu na unyago aliyefariki Aprili 2013, dunia nzima ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Alipokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005 kwa jina hilohilo, na alipanda jukwaani uzeeni bila kumwomba mtu radhi. Jina lilikuwa lake, na yeye ndiye aliyelibeba. Wewe hujapewa ruhusa ya kumtungia mwingine.

## Maneno yanayoua

Sehemu hii ni nzito, lakini bila kuigusa ningekuwa nimewadanganya.

Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa miaka na miaka kwa tuhuma za uchawi, na dalili inayotajwa sana ni macho mekundu. Macho hayo yametokana na moshi: maisha mazima ya kupikia kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha. Kilifi, pwani ya Kenya, wanaoandamwa ni pamoja na wanaume wenye mvi, na ukichunguza tuhuma mara nyingi unakuta shamba linalogombewa. Huko Ganze kuna Kaya Godoma, mahali wazee waliotishiwa maisha hukimbilia. Oktoba 2021, wanawake wanne waliuawa huko Marani, Kisii, kwa tuhuma hizohizo.

Kabla ya panga kuna maneno. Huanzia msibani, jikoni, au siku hizi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Wenzake wote wameisha, yeye bado yupo tu." "Anakula miaka ya wajukuu." "Hili zee litakufa lini?" Kila anayecheka anaongeza kidogo, na wanaomaliza kazi ni vijana wawili watatu walioaminishwa kwamba ukoo mzima umekubali.

Ukiyasikia:

1. Usicheke, hata kwa kuona haya. Uliza wazi: "Unamaanisha nini?" Wengi hurudi nyuma wakitakiwa kuitamka tuhuma yenyewe.
2. Usisambaze ujumbe wa sauti unaomtaja mtu, hata kwa nia ya kuonya.
3. Msibani, taja ugonjwa kwa jina lake kama familia imeridhia. Marehemu akitangazwa kwamba alikufa kwa kiharusi, nafasi ya kutafuta mchawi inapungua.
4. Mzee akishatajwa kwa jina, hilo si suala la kupatanisha tu kifamilia. Ifikie serikali ya kijiji, chifu au polisi siku hiyohiyo, na mzee asilale peke yake. Kenya, Sheria ya Uchawi ya tangu 1925 inamtia hatiani anayemtuhumu mwenzake uchawi.
5. Kama kuna mgogoro wa ardhi, utajeni mbele ya wote kama mgogoro wa ardhi.

Usiniambie kwamba kumwita bibi wa jirani "kale kachawi" ni utani. Huko nilikokutaja, utani huo umezika watu.

## Unavyojisemea mwenyewe

Sasa zamu ya mama wa miaka 54 na shikamoo yake. Konda hakukosea, alikuwa na adabu. Kilichokuchefua ni hofu uliyojijengea mwenyewe kwa miaka ya kusema "usinizeeshe", "nimekwisha mie", "uzee huo unaingia" kila unaposahau funguo.

Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Becca Levy, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 660 wa mji mmoja wa Ohio, waliokuwa na miaka 50 na zaidi. Waliokuwa na mtazamo mzuri juu ya kuzeeka kwao waliishi kwa wastani miaka saba na nusu zaidi ya wenye mtazamo mbaya, hata baada ya kuzingatia afya na kipato. Sisemi maneno mazuri ni dawa ya presha, endelea kumeza vidonge vyako. Lakini anayeamini kwamba mwili wake umekwisha haoni sababu ya kutembea asubuhi wala kwenda kupima.

Piko paka ukipenda, nywele ni zako. Acha tu kusema unapaka "ili nisionekane bibi" mbele ya bibi.

## "Lakini..."

"Babu na mjukuu wana utani wao." Naam, na uendelee. Babu anayemwita mjukuu wake "mke wangu", naye akajibiwa "nenda zako, huna meno ya kunilia mahari," wote wanafurahi. Utani huo una masharti: unatoka pande zote mbili, una wenyewe wanaojulikana, na hausemwi siku ya maumivu. Muuguzi wa zamu haurithi, wala mkwe, wala dereva wa bodaboda.

"Wazee wenyewe hawalalamiki." Anayekutegemea kwa chakula ana sababu nzuri ya kunyamaza. Kununa, kukataa kula au kusema "nirudisheni kijijini" kunaweza kuwa ndio malalamiko yenyewe.

"Na wazee wanaotutukana?" Wapo. Umri haumpi mtu leseni ya kumdhalilisha mkamwana. Mjibu kama ungemjibu mtu mzima yeyote aliyekukosea: "Baba, neno hilo limeniumiza." Kumpuuza kwa kusema "mwacheni, ni mzee" ni njia nyingine ya kumtoa kwenye hesabu ya watu.

"Shirika la Afya Duniani lina ya kwake, sisi Waafrika tunawapenda wazee wetu." Ripoti ya shirika hilo ya Machi 2021 ilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila wawili duniani ana mtazamo wa kibaguzi dhidi ya wazee. Ukitaka kujua kama sisi tumo, rudi kwenye sehemu ya maneno yanayoua.

## Ukimsahihisha mwenzako

Usimwaibishe mtu mbele za watu, maana atatetea neno lake badala ya kulifikiria. Msahihishe kwa mfano: dada akisema "mama hali samaki," wewe geuka, "Mama, utakula samaki?" Mkiwa wawili ndipo umweleze. Watoto wadogo waambie moja kwa moja, wao hawana kiburi: "Bibi anasikia. Muulize mwenyewe."

## Kwa wazee mnaosoma

Tusaidieni. Anayewakosea kwa maneno ya upole hajui kwamba amewakosea, na mkinuna atadhani ni tabia ya uzee. Mwambieni kwa kifupi: "Niulize mimi, nipo." "Hilo naliweza." "Niite kwa jina langu." "Ongea polepole, usinipigie kelele." Mkikatizwa, anzeni tena mwanzo. Wala msisubiri hadi mchukie. Semeni siku ya kwanza.